Mgongo wa Winchi

3 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu za huku, gunia zima. Sisi wazima, kila mmoja kwa kiasi chake. Wifi yako anakusalimu na anasema lile koti ulilomtumia linambana mabegani, kwa hiyo ama umesahau ukubwa wake, ama ulipokuwa dukani ulijipimia mwenyewe. Mama anakula vizuri, analala vizuri, anatukana vizuri. Juzi jirani wa ghorofa ya tatu alikuja kumjulia hali, akaambiwa viatu vyake vina kelele kuliko akili yake. Akaondoka bila kumaliza chai.

Naandika kwa sababu simu haifai. Chumba cha mama kimetengwa na sebule kwa pazia tu, na masikio yake hayakuvunjika pamoja na nyonga. Ninachokuambia kwenye simu anakijibu yeye kabla yako. Kwa hiyo jibu kwa barua, na uitume ofisini, si nyumbani.

Jambo lenyewe ni mgongo. Umekataa kazi. Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa nashusha friji la milango mitatu kwa daktari mmoja wa meno, nikasikia kitu kimefanya ta! kiunoni. Tangu siku hiyo moto unaanzia tako la kushoto, unapita nyuma ya paja, unatelemka hadi kidole gumba cha mguu. Nimepigwa ile picha ya kuingizwa kwenye bomba. Daktari, kijana mwenye shati lililonyooka kuliko maneno yake, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano imetokeza nje, inabana mshipa wa fahamu. Nikamuuliza dawa. Akasema vidonge vya kutuliza maumivu, halafu mazoezi.

Mazoezi! Mimi! Mwili huu umepandisha kabati la milango minne kwenye ngazi za mzunguko, kona baada ya kona, huku mwenye kabati akinishikia taa na kunipa ushauri. Watu hawakuniita Winchi kwa sababu ya sura. Halafu mtoto wa shule ananiambia nikalale chini ninyanyue miguu.

Basi nimejitibu mwenyewe. Nimenunua mkanda mpana wa ngozi, nauvaa toka naamka hadi nalala. Kitandani nimeweka ubao. Jumamosi naenda kwa Mkanyagaji, yule mzee anayetembea juu ya migongo ya watu, naye ananikanyaga kwa bidii. Lakini mama anataka kushuka. Unajua kwamba kila Jumapili namtoa ghorofa ya nne na kumpeleka uani akae juani. Tangu niumie hajashuka hata mara moja, na rangi yake siipendi. Kabari, mwenzangu ambaye miaka yote hii ndiye anayeshika upande wa pili wa kila kabati, alijitolea kumbeba. Mama akamwambia yeye si mfuko wa saruji. Hamtaki mwingine, ananitaka mimi, kwa hiyo mgongo nauhitaji haraka. Kama huko kwenu wanauza mikanda yenye vyuma, nitumie mmoja.

Na wewe unakuja lini?

Kaka yako,
Winchi


29 Machi

Kaka,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yake kwa sauti ili asiseme sikutuma. Huku baridi inaondoka kwa shingo upande. Bomba la jikoni kwangu linavuja, fundi amekuja mara mbili kulitazama kama anayemjulia hali mgonjwa, akaondoka. Kazini nimehamishiwa wodi ya wazee waliovunjika nyonga. Nawafundisha kusimama. Wananichukia hadi siku wanapofika chooni wenyewe, ndipo wanaanza kuniita mwanangu. Mwambie wifi kwamba koti halina kosa. Mabega ndiyo yamenawiri, na si jambo la kulalamikia.

Sasa tuje kwa mgongo wako, au kilichobaki.

Ubao ni wa kukatia vitunguu. Uondoe. Mkanda ungeuvaa siku chache za mwanzo, unapogeuka au unapoinuka, ningenyamaza. Lakini kuuvaa kutwa kucha ni kumwajiri mtu mmoja afanye kazi ya wenzake wote. Misuli ya tumbo na ya mgongo imeshaona hakuna haja ya kufika kazini. Siku utakapouvua utaporomoka kama suruali. Na huyo Mkanyagaji sijui nimseme vipi. Diski yako imetoka mahali pake, wewe unamtafuta mzee apande juu yake na viatu.

Wewe ni mtu wa makochi, basi nitakueleza kwa makochi. Diski ni kama mto wa kochi unaokaliwa upande mmoja miaka nenda rudi. Mshono wa upande wa pili unalegea, sponji inachungulia. Huirudishi kwa kuikanyaga. Nyingi hurudi ndani zenyewe polepole, ukiacha kuzikalia vibaya. Kinachotakiwa ni kiuno kiwe imara, na hapa ndipo wewe na mkanda wako mnapopotea. Imara si kukakamaa. Mlango imara ni ule unaofunguka na kufungwa bila kuyumba kwenye bawaba zake. Ukiupigilia misumari hautayumba kamwe, lakini huo si mlango tena, na wewe kwa sasa ndivyo ulivyojifanya.

Fanya hivi. Lala chali kwenye zulia. Mikono juu kuelekea dari, magoti yakunjwe juu ya nyonga, kama mende aliyekufa. Kaza tumbo kidogo, kama mtu anayetaka kukohoa. Halafu teremsha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, polepole sana, huku unapumua, bila kiuno kucheza. Rudisha. Badilisha. Ukisikia moto unashuka mguuni, acha. Pia tembea, mwendo mfupi, mara nyingi kwa siku. Usikae kwenye kiti muda mrefu kama bwana harusi.

Na haya unijibu bila aibu, ndiyo kazi yangu: je, unapata ganzi sehemu unazokalia? Mkojo unatoka kama kawaida? Mguu unalegea ukitembea? Lolote katika hayo likitokea, usiniandikie barua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu friji, nina swali. Tangu uanze kazi hii hujawahi kunitajia mzigo bila kunihesabia kona za ngazi yake. Safari hii hakuna hata kona moja. Huyo daktari wa meno anakaa wapi, hewani?

Mdogo wako


20 Aprili

Kwa Profesa wa Mende,

Salamu kutoka kwa mdudu mwenyewe. Huku joto, maji yanatoka siku yanapotaka. Wifi yako hazungumzi nawe kwa sababu ya neno “yamenawiri”. Nimelisoma kwa sauti, kosa langu. Mama mzima. Amefurahi sana majuzi, na utaona kwa nini.

Nimelala kwenye zulia kama ulivyoamuru. Nikainua mikono, nikainua miguu. Wifi yako akaingia na beseni la nguo, akaliweka chini, akakaa juu ya kochi apate kucheka vizuri. Mama nyuma ya pazia akauliza kuna nini. Wifi yako, badala ya kuwa mke wa mtu, akalifungua pazia. Mama alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi tukampa maji. Akasema kama angejua ndivyo nitakavyoishia asingehangaika kuninyonyesha. Sasa kila asubuhi anadai pazia lifunguliwe aone mende.

Lakini nilichoka na mchezo wa watoto. Mkono hauna kitu, mguu hauna kitu, mtu mzima unapunga hewa! Misuli haijui kucheza, inajua mzigo. Nikatoa zile pasi mbili za mkaa za bibi, nikazifunga miguuni kwa kamba za kazi. Nikainua. Mara ya kwanza nilijiona mwanamume. Mara ya pili nilipiga ukelele ambao Kabari anadai aliusikia akiwa barabarani. Moto ulishuka mguuni, nikabaki chali na pasi zangu, sigeuki kulia wala kushoto, mpaka wifi yako akazifungua. Mama akauliza, “Huyo analia nini?” Nikamwambia tunatengeneza kitanda.

Kwa hiyo dawa yako haifai. Nimerudi kwenye mkanda. Na Mkanyagaji havai viatu akiwa kazini, usimzushie mtu.

Yale maswali yako ya chini ya mkanda hayaulizwi kwa kaka. Mimi naenda haja kama watu. Kidole gumba ni kizito asubuhi, basi. Sina la kuongeza hapo.

Ninalotaka kuongeza ni hili. Mama bado hajashuka. Anakaa kitandani anatazama kipande cha mbingu kilichobaki kati ya pazia na jengo la mbele. Hanilaumu, na hilo ndilo linalonikera, maana mama asipolaumu kuna jambo. Wewe huko unawainua mama za watu wapate kusimama, wa kwako anangoja mende apone. Nakuuliza tena, unakuja lini?

Winchi


11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo, bomba bado linavuja. Wifi amenisamehe, alinipigia mwenyewe kuniambia amelegeza mshono wa koti na sasa linamkaa. Mama umwambie nimesikia kuhusu kucheka, na kwamba kucheka kunakaza tumbo vizuri kuliko mkanda.

Pasi! Kaka, watu huja hospitali na mambo ya ajabu, nimeona mtu aliyejifunga mgongo kwa mpira wa baiskeli, lakini pasi za mkaa sijawahi. Niliwasimulia wenzangu wakati wa mapumziko. Mmoja aliniuliza kama zilikuwa na moto ndani. Nikamwambia huyo ni kaka yangu, kila kitu kinawezekana.

Sikiliza, kwa mara ya mwisho kwa upole. Lile zoezi si la kuinua chochote. Kazi ni kile ambacho hakionekani: mkono unakwenda, mguu unakwenda, kiuno kinabaki kimetulia. Mtu asiye na mzigo anatetemeka kwa kufanya hivyo sawasawa. Wewe hukutetemeka kwa sababu hukulifanya. Uliutupa mguu tu na kuuokota. Rudi kwenye zulia. Na ukitaka kuokota kitu, jikunje kwenye nyonga na magoti, usijikunje kiunoni, na usiiname huku unajipinda. Kuinama pamoja na kujipinda ndiko kunakozitoa diski.

Ndiyo maana nauliza tena kuhusu lile friji. Wifi alipopiga simu alitaja kwamba wiki ile uliyoumia lori lilikuwa gereji kwa ajili ya gia. Winchi habebi friji mgongoni kutoka mtaa hadi mtaa. Halafu akataja kwamba ilikuwa Jumapili. Jumapili huna mzigo wa mtu. Jumapili unambeba mama. Kwa hiyo hakuna friji, hakuna daktari wa meno. Winchi mzima kaangushwa na bibi kizee mwepesi kuliko droo tupu, ukaona heri uzue milango mitatu.

Kwa hilo sikucheki. Migongo mingi huondoka hivyo, mtu kaokota soksi. Kinachoniwasha ni mama. Yule daktari aliyeunga nyonga alisema nini? Nilikuwa kwenye simu, nilimsikia: mfupa umeshika, asimame, atembee kidogo kidogo. Hiyo ni miaka miwili sasa. Nani kamzuia? Mgongo wako. Akitaka maji, unamletea. Akitaka dirisha, unambeba hadi dirishani. Akitaka jua, unambeba hadi uani, na uani wote wanasema, tazameni mtoto mwenye mapenzi! Umemfanya mama samani, kaka. Unamhamisha, unampanga, unampangusa vumbi. Miguu isiyoulizwa kitu muda mrefu inasahau jibu. Ulimfungia mama mkanda kabla hujajifungia wewe.

Kuhusu kuja, tumalize kwanza habari ya mgongo.

Mdogo wako


30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Wiki zinapita na sioni hata tusi. Wifi hapokei simu. Kama mkojo umekataa na unaona haya kuniandikia, basi mwambie Kabari aniandikie, hata kwa mkaa. Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

Niliandika kwa ukali kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Hujawahi kunyamaza hivi, na naogopa.

Mdogo wako


22 Julai

Mdogo wangu,

Ninyi hamjambo? Sisi tupo. Wifi yako alikuwa hapokei simu kwa sababu nilimkataza. Mkojo unatoka, usitangaze.

Nitakuambia kilichotokea, halafu ujisifu ukitaka. Barua yako ya Mei ilifika ofisini siku niliyokwenda kuonana na daktari. Kabari, ambaye miaka yote hajawahi kuniletea hata kikombe cha maji, siku hiyo akapata ustaarabu. Akapanda nayo ghorofa ya nne, akamkabidhi mama mkononi, akasema, “Ya bintiyo.” Mama akamwamuru wifi yako aisome kwa sauti. Ukiona mwandiko wa mwanao ukajua hukuandikiwa wewe, utafanyaje? Wifi yako alipofika kwenye droo tupu alitaka kuruka. Mama akamwambia, “Soma kama ilivyoandikwa, mimi siyo mtoto.” Alisomewa yote, na samani yako.

Niliporudi nilimkuta ameelekea ukutani. Akasema neno moja tu: “Kumbe mimi ndiye friji.”

Basi ndiyo, ni yeye. Nilikuwa nimempakata mkono mmoja tayari kushuka, chanuo lake likaanguka nyuma ya kitanda, akasema hatoki bila chanuo. Nikainama kulichukua naye mkononi, nikajipinda kulifikia. Ta! Nilimrudisha kitandani, nikamwambia nimesahau funguo, nikaenda kukaa kwenye ngazi nikiuma kola ya shati. Nilificha kwa sababu namjua mama. Nilijua siku akijua hatakubali kubebwa tena. Na ndivyo ilivyo. Abebwe wapi! Hata kusogezwa kwenye kiti hataki, wifi yako anamwogesha pale pale alipo. Hataki uani, hataki dirisha. Hatukani mtu. Jirani wa ghorofa ya tatu alikuja na viatu vile vile, mama akamwambia asante.

Unataka nikuambie nini zaidi? Una akili, una cheti, ulilotabiri ni kweli kwa kila herufi, na kwa ukweli huo umemnyima mama jua. Mimi na ujinga wangu nilikuwa namtoa kila Jumapili. Nakukasirikia, na siwezi kukujibu, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko mguu.

Mkanda nimeuvua. Si kwa ajili yako. Ulianza kunuka.

Winchi


10 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kuhusu mkojo na mkanda, kwa mpangilio huo.

Ile barua sikumwandikia mama. Ningejua ataisikia ningechagua maneno mengine, lakini jambo lingekuwa lile lile. Bado nasema hakupaswa kubebwa. Ila nimekaa hapa nikiwa sahihi, peke yangu, jikoni maji yakidondoka, na sijawahi kuona usahihi usio na faida kama huu.

Kila barua unaniuliza nakuja lini, na kila barua nageuza maneno. Basi nakujibu. Naogopa. Wazee waliolala muda mrefu nawaona kila siku. Najua wanavyokwisha, najua kinachotangulia na kinachofuata. Nikiingia chumba cha mama nitamtazama kwa macho ya kazi kabla sijamtazama kwa macho ya mwana, na nitajua kabakiza nini. Nikiwa huku, mama bado ni yule wa zamani, anayesimama mlangoni na kijiko kuuliza nani kaacha sufuria wazi. Nawasimamisha mama za watu kwa sababu wakinishinda sitalia. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nicheke.

Mama msimguse. Msimwombe, msimbembeleze, kubembelezwa kunamtia ukaidi. Kitanda kishusheni kimo, ili akikaa ukingoni nyayo zifike sakafuni. Muache akae mwenyewe kadiri anavyotaka. Kama ana hasira, vizuri, hasira ina misuli. Na kile kigari cha kushikilia wakati wa kutembea walichompa hospitalini kitoeni mlikokificha, kisimame mahali anapokiona.

Wewe endelea na mende, kisha uongeze hili: magoti na viganja sakafuni, nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kiuno kibaki kama kilivyo. Hesabu pumzi chache, badilisha. Lifanye chumbani kwa mama, sebule yenu ina upepo.

Mdogo wako


5 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mvua imeanza, uani kumejaa matope. Wifi yako anavaa lile koti hata ndani ya nyumba na anataka ujue hivyo. Kabari amepata mtu wa kushika upande wangu wa makabati. Mimi nasimama chini ya ngazi nikiwaelekeza, kazi ambayo zamani nilisema ni ya watu wavivu. Asubuhi bado naamka nimekakamaa kama mlango uliolowa, kidole gumba bado kizito kidogo, lakini moto umepanda. Ulikuwa unafika mguuni, siku hizi unaishia kwenye paja, na siku nyingine haupo kabisa. Daktari mwenye shati anasema hivyo ndivyo unavyotakiwa kupona. Friji sijashika. Usinipongeze, sitaki.

Barua yako ya Agosti nilimsomea mama mwenyewe, yote, na pale unaposema unaogopa. Nilidhani atalia. Akaniuliza, “Anaogopa kuniona nimelala?” Nikasema ndivyo alivyoandika. Akasema, “Basi asinione nimelala,” akaniamuru nikishushe kitanda.

Tangu siku hiyo anakaa ukingoni, nyayo sakafuni, ananisimamia mazoezi kama bwana jela. Nikiteremsha mkono usio wa zamu yake, ananiita majina ambayo sitayaandika. “Kiuno hicho kinacheza! Dada yako kasema kisicheze!” Chini ya kanga yake nikawa naona magoti yanapanda na kushuka. Nikanyamaza. Nimejifunza kitu kimoja katika mwaka huu, nacho ni hicho.

Wiki iliyopita nilikuwa sakafuni kando ya kitanda, magoti na viganja, mkono wa kulia mbele, mguu wa kushoto nyuma. Wifi yako alikuwa anakunja nguo. Kabari alikuwa mlangoni, kaja kuuliza funguo za lori. Nikasikia kiganja kimetua mgongoni, pale pale, mahali pa ile diski yako. Nikarudisha mkono na mguu chini taratibu. Kiganja hakikuondoka. Kikaja cha pili. Halafu uzito ukaanza kuingia, kidogo, kidogo tena, nikaelewa anachofanya, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa chini ya kabati lolote. Nilikuwa nangoja ile ta. Najua hukuandika hivyo, najua kigari kilikuwa pale hatua mbili, usinitukane. Nilikaza tumbo kama mtu anayetaka kukohoa, nikapumua, nikaomba kiuno kisicheze. Hakikucheza. Mama akaegemea, akaguna, akasema, “Tulia wewe,” na uzito wote ukaja, halafu ukapungua, halafu ukaondoka. Mgongo wangu ukabaki mtupu, na sikuthubutu kuinua kichwa. Nilichokiona ni nyayo zake mbili kwenye zulia, pekee, hazijashikwa na mtu.

Wifi yako alikuwa analia ndani ya shuka aliyokuwa anaikunja. Kabari alikuwa amesahau kufunga mdomo. Mama akamwambia, “Unatazama nini? Hujawahi kuona mtu kasimama?” Akajikalisha mwenyewe. Mimi nilibaki sakafuni nikilia kama mtoto, na sioni haya kukuandikia.

Sasa anakitumia kigari. Anatoka kitandani hadi mlango wa mbele, anapumzika kwenye kiti, anarudi. Ngazi bado, na matope haya uani hayana haraka. Jirani wa tatu alipita jana, akaulizwa kama hivyo viatu alipewa au aliviiba.

Sikuulizi tena unakuja lini, mama amenikataza. Anasema swali hilo lilikuwa langu, na lake ni hili tu nikufikishie: ukija usiite mtu, gonga. Atakufungulia mwenyewe, ila usichelewe, maana kusimama kunachosha.

Kaka yako